Pikapu ya dizeli ikaguliwe injini na chasisi, isinunuliwe kwa herufi ya namba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wasomaji wenzangu, hasa wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Kilimanjaro na Arusha, kuhusu ununuzi wa pikapu za dizeli zilizokwisha kutumika. Ni jambo linalogusa kaya nyingi huku kwetu, kwa kuwa ndizi za Mwika, nyanya za Ngarenanyuki, vitunguu vya Mang'ola na majani ya ng'ombe yanayopandishwa kutoka tambarare za Kahe kwenda migombani, vyote vinategemea gari dogo la mizigo, na mtu wa kipato cha kawaida hana uwezo wa kununua jipya. Hujinyima kwa miaka, hukopa kiasi kwenye chama cha akiba na mikopo, halafu hutoa fedha zote kwa siku moja, mara nyingi kwa gari ambalo hakuwahi kuliona likiinuliwa kwa jeki.

Kinachonisukuma kuandika ni mazoea yetu ya kulipima gari kwa herufi ya namba ya usajili. Tunauliza kwanza kama ni namba C, namba D au namba E, na bei hupanda au kushuka kwa jibu hilo, wakati herufi hiyo haielezi chochote zaidi ya kipindi ambacho gari liliandikishwa hapa Tanzania. Pikapu iliyotengenezwa mwaka 1999 inaweza kuingizwa nchini na kuandikishwa miaka kumi na tano baadaye, ikapewa herufi mpya na kupita kwa bei kubwa kuliko nyingine ya umri uleule ambayo imetunzwa vizuri na mwenye shamba mmoja tangu ilipoingia. Tunalipia herufi, na kisha tunakosa fedha ya mkanda wa taimingi, ule unaopangilia mwendo wa valvu na pistoni.

Umri na asili ya gari vimeandikwa mahali pengine. Kadi inayotolewa na TRA huonyesha mwaka wa kutengenezwa, namba ya chasisi, namba ya injini na ujazo wake, na namba hizo zinapaswa kulingana na zilizopigwa kwenye chuma chenyewe. Kwa Toyota Hilux, ambayo ndiyo wengi wetu huitafuta, herufi za modeli hutaja hata aina ya injini: LN ni injini za familia ya L, yaani 2L, 3L na 5L, na KUN ni injini za familia ya KD, zile tunazoziita D-4D. Ukiona modeli ni KUN na chini ya boneti kuna 3L, ujue injini imebadilishwa. Kubadilisha injini si kosa, lakini ikiwa namba ya injini mpya haijaingizwa kwenye kadi, usumbufu utamwangukia mnunuzi siku ya kuhamisha umiliki.

Namba ya chasisi husema pia gari limetoka kiwanda gani. Hilux inayoanza na MR0 ilitengenezwa Thailand, na inayoanza na AHT ilitengenezwa Afrika Kusini. Nalitaja hili kwa sababu kuna maneno yanayorudiwa sana kwenye yadi, kwamba Vigo (Hilux ya toleo la kuanzia 2004 hadi 2015) fulani ya mwaka 2008 au 2010 "imetumika Japani, barabara nzuri, wazee wa kule hawakimbizi gari". Ukweli ni kwamba Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na haikuanza tena hadi mwaka 2017, kwa hiyo Vigo ya miaka ile haikuwa gari la kuuzwa kwenye soko la Japani, hata kama imepitia kwa wakala wa huko. Kwa kawaida ilitumika Thailand, Uingereza au Afrika Kusini, au iliuzwa mpya hapahapa na kufanya kazi kwenye mradi au kampuni. Tofauti hiyo ina uzito wake, kwa maana gari lililoishi Uingereza limepita majira mengi ya baridi kwenye barabara zinazomwagwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chasisi kwa ndani, mahali ambapo rangi mpya haifiki.

Sasa nije kwenye injini. Kwa mwenye fedha kidogo, msimamo wangu ni kwamba atafute kwanza injini isiyo na turbo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) na ambayo pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, haitegemei kompyuta. Kwa Toyota ni 3L ya cc 2,779 na 5L ya cc 2,986. Kwa Nissan ni TD27 ya cc 2,663, ambayo taimingi yake huendeshwa kwa gia na hivyo haina mkanda wa kukatika. Kwa Isuzu ni 4JA1 ya cc 2,499, ambayo hupiga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda na hula dizeli kidogo. Injini hizi zinafahamika kwa mafundi wa Kiboriloni, wa Unga Limited, na hata wa Tarakea na Karatu. Nozeli zake, yaani vifaa vinavyopulizia dizeli ndani ya injini, hufunguliwa na kupimwa kwenye karakana za kawaida za pampu, na zikianza kuchoka huonyesha dalili mapema: moshi huongezeka, na kuwaka asubuhi kunakuwa kwa taabu. Zinakupa muda wa kutafuta fedha.

Upungufu wake ni nguvu, na hapa kwetu jambo hilo lisifichwe. Mji wa Arusha uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya migombani Kilimanjaro vingi viko kwenye urefu huo au zaidi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa ni nyepesi, na pampu iliyofunguliwa mafuta kupita kiasi ili kufidia upungufu huo itatoa moshi mweusi na kuipandisha injini joto. Mwenye 3L iliyobeba mzigo kamili kutoka Himo kwenda Marangu akubali kupanda kwa gia ndogo bila haraka. Nimewaona madereva wengi wakifanya hivyo kwa miaka na magari yao bado yako kazini.

Kuna injini za kati ambazo ningewashauri watu wa bajeti ndogo wazipite, nazo ni 2L-T na 1KZ-TE, zote za Toyota na zote za turbo. Zina mvuto wake mlimani, lakini zinajulikana kwa kupasuka silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) zinapopata joto kali, na ni nadra kupata iliyotumika miaka ishirini au zaidi bila kuchemka hata mara moja. Mitsubishi L200 yenye injini ya 4D56 hupatikana kwa bei ya chini kuliko Hilux na hufanya kazi vizuri, mradi mikanda yake miwili, wa taimingi na wa balansi shafti, ibadilishwe kwa pamoja. Land Cruiser ya 1HZ, yenye silinda sita na cc 4,164, sina neno baya juu yake, ila bei yake inaiweka nje ya barua hii.

Kuhusu D-4D sitaki nieleweke vibaya. Zile 1KD za cc 2,982 na 2KD za cc 2,494 ni injini nzuri, zina nguvu na hula mafuta kidogo, na mwenye fedha ya kununua iliyo na historia ya matengenezo inayoeleweka atafaidi. Shida ni pale mtu anapotumia fedha yake yote kununua D-4D ya bei ya chini kwa sababu tu ni Vigo. Mafuta ndani ya mfumo ule husukumwa kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,000, wakati nozeli za zamani hufunguka kwenye bar mia moja na kitu, kwa hiyo maji kidogo au uchafu wa dizeli ya kwenye madumu, ambao 3L ingeuvumilia kwa muda, huharibu nozeli za D-4D. Seti ya nozeli nne mpya halisi ni mzigo mkubwa kwa mtu wa ndizi. Jambo la pili halizungumzwi vya kutosha, nalo ni washa za shaba (pete za kuzuia mvujo) zilizo chini ya nozeli. Zikianza kuvuja, masizi huingia kwenye oili, huganda na kuziba chujio la pampu ya oili lililo chini kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini inaweza kukwama kwa kukosa oili ingawa dipstiki inaonyesha oili imejaa. Anayetaka D-4D basi ampe fundi nafasi ya kushusha sampu na kuangalia chujio hilo kabla ya kulipa, na muuzaji akikataa, mnunuzi aondoke.

Nizungumzie fedha. Mwenye shilingi milioni 15 asitafute gari la milioni 15. Atafute la milioni 12, na kiasi kinachobaki akihesabu kuwa ni sehemu ya bei, kwa sababu kitatumika mwezi uleule: mkanda wa taimingi na teshena yake, oili na filta zote, hozi za rejeta, pedi na viatu vya breki, betri, pengine na matairi mawili. Toyota nyingi za dizeli zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi ambayo huwaka baada ya kilomita 100,000 kumkumbusha mwenye gari abadilishe mkanda, lakini taa hiyo inaweza kuzimwa au balbu yake kutolewa, na mileji inaweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo mnunuzi asiyeonyeshwa risiti ahesabu kwamba mkanda haujabadilishwa. Ukikatika mwendoni, valvu hugonga pistoni, na hapo ile milioni tatu iliyookolewa kwenye mapatano ya bei haitatosha kuifungua injini na kuirudisha.

Mpwa wangu, ambaye huchukua ndizi Mwika na kuzipeleka Arusha, alinunua pikapu nyeupe ya namba D kwa dalali. Alipofika kuitazama ilikuwa tayari inaunguruma, injini imeoshwa na kupakwa kitu cha kuing'arisha hadi mipira ikawa nyeusi kama mipya, na dalali akamwambia, "Gari limeshapata moto, kaka, wewe panda tu uisikie." Aliizungusha mjini kwa mwendo mdogo akaridhika. Masika yalipoanza ikachemka kwenye kilima baada ya daraja la Kikafu, ikiwa na mzigo wa kawaida. Fundi alipochomoa dipstiki, oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ndani ya rejeta palikuwa na ute wa kahawia wa dawa ya kuzibia mivujo. Silinda hedi ilikuwa na ufa kati ya valvu mbili, na ufa ule ulikuwa umejaa masizi, dalili kwamba ulikuwepo siku nyingi. Dalili za kilichoonekana siku hiyo kwenye meza ya fundi zingeweza kuonekana siku ya kununua, kama tu gari lingekutwa la baridi na mfuniko wa rejeta ukafunguliwa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba pikapu ya dizeli itazamwe asubuhi, kabla haijawashwa. Mnunuzi amwambie muuzaji jana yake kwamba atakuja na fundi na kwamba asiiwashe, kisha akifika aweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, aahirishe. Ikiwa ya baridi, mfuniko wa rejeta ufunguliwe kwanza: maji yawe safi au yawe na rangi ya kuleenti, yasiwe na utando wa oili wala kutu nyingi. Kisha iwashwe. Injini yenye afya, ikiwa plagi zake za kupashia joto zinafanya kazi, huwaka bila kuchokozwa sana hata katika baridi ya Ngaramtoni ya mwezi Julai. Moshi mweupe kidogo unaoisha haraka si tatizo. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua, na moshi mweupe usioisha pamoja na mapovu kwenye rejeta ni dalili ya gasketi au hedi. Injini ikiwa inaunguruma, mfuniko wa kumiminia oili ulegezwe na kuwekwa juu ya tundu lake: ukitikisika kidogo ni kawaida, ukirushwa na upepo wenye moshi, ringi za pistoni zimekwisha. Fundi mwenye kipimo cha kompresheni apime, na tofauti kati ya silinda na silinda itazamwe kwa makini kuliko hata kiwango chenyewe.

Kuna jambo dogo ambalo ningependa mafundi wetu walisikie. Magari mengi huku yametolewa thamostati (valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto), kwa imani kwamba injini itakuwa ya baridi na salama. Injini ya dizeli inayofanya kazi bila kufikia joto lake hula mafuta zaidi na huchakaa mapema, na pikapu isiyo na thamostati huficha rejeta iliyoziba kwa sababu haichemki kwenye majaribio mafupi ya mjini. Muulizeni muuzaji.

Chasisi inahitaji kulala chini, na anayeogopa kuchafua shati amlipe kijana alale kwa niaba yake. Sehemu za kuangalia ni juu ya ekseli ya nyuma, kwenye hanga za springi, na karibu na tanki la mafuta. Nyundo ndogo ipigwe taratibu: chuma kizima hulia, chuma kilichooza hutoa mlio mfu na hudondosha maganda. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari la miaka ishirini ni swali linalohitaji jibu. Kisha mnunuzi asimame pembeni aangalie nafasi iliyopo kati ya kebini na bodi. Ikiwa imefunguka juu na kubana chini, au kinyume chake, chasisi imepinda kwa mizigo. Springi zilizoongezwa majani mengi hueleza habari hiyohiyo, kwamba gari lililokusudiwa kubeba kama tani moja limekuwa likibeba mbili.

Majaribio ya barabarani yafanyike mlimani. Wa Moshi wanayo barabara ya Kibosho na ile ya Himo hadi Marangu, na wa Arusha hawakosi vilima vya kupandisha kuelekea mashambani. Gari lipandishwe likiwa na mzigo, hata kama ni magunia ya mchanga, sindano ya joto itazamwe njia nzima, na likifika juu liachwe likiunguruma huku fundi akisikiliza. Wakati wa kuteremka breki na gia hujieleza zenyewe: gia inayoruka ukiachia mafuta, difu inayolia, usukani unaovuta upande mmoja ukigusa breki. Muuzaji mkweli hatakataa safari hiyo ikiwa mnunuzi amejitolea kununua dizeli.

Fundi huyo anatoka wapi ni suala ambalo watu hulipuuza. Fundi aliyeletwa na dalali, au anayeshinda kwenye yadi ileile, hulipwa gari likiuzwa, hivyo maneno yake hayana faida kwa mnunuzi. Achukuliwe fundi kutoka mtaa mwingine, alipwe ujira wake kamili hata kama jibu ni kwamba gari halifai, na ikibidi alipwe tena kwa gari la pili na la tatu. Najua inauma kulipa fedha na kurudi mikono mitupu, lakini huo ndio ukaguzi wenyewe.

Kwa upande wa nyaraka sitasema mengi. Jina kwenye kadi liwe la mtu unayezungumza naye, au awepo mwenye jina. Faini za barabarani na uhalali wa bima huweza kuangaliwa kwenye mitandao ya Polisi na ya TIRA (mamlaka ya kusimamia bima) kwa namba ya gari tu, kadi ithibitishwe TRA kwamba gari halidaiwi na benki, mkataba uandikwe mbele ya wakili, na umiliki uhamishwe mara moja. Usibaki unaendesha gari lenye jina la mtu wa tatu ambaye amehamia Mwanza.

Mwisho nina ombi kwa viongozi wa vyama vya akiba na mikopo na vikundi vya kukopeshana katika mikoa yetu. Vyama vingi hutoa mkopo wa gari kwa kuangalia kadi, wadhamini na bei ya dalali. Ningeomba viweke masharti mawili: kwamba ripoti ya ukaguzi iliyosainiwa na fundi aliyechaguliwa na chama iambatanishwe na maombi, na kwamba sehemu ya mkopo isitoke siku ya kununua, ila itoke baadaye kwa risiti za mkanda wa taimingi, breki na matairi. Mwanachama ambaye gari lake linatembea ndiye anayeweza kurejesha, na gharama ya fundi wa siku moja chama kinaweza kuibeba kutoka kwenye ada ya maombi ambayo tayari tunailipa.

Wako msomaji,
Mkulima wa kahawa na ndizi,
Uru, Moshi